Nina kifafa, na mkufunzi ananishauri niache ualimu

Shikamoo Anti,

Nina miaka 22, niko mwaka wa pili wa stashahada ya ualimu wa elimu ya msingi. Masomo yangu ni Hisabati na Sayansi. Nilianza kuanguka nikiwa kidato cha pili. Hospitali ya wilaya walisema ni kifafa, wakanianzishia kabamazepini ya miligramu 200, kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku. Dozi ni hiyo hiyo mpaka leo. Kila mwezi naenda kliniki, nachukua dawa, naondoka.

Naanguka kila baada ya miezi miwili au mitatu, hasa wakati wa mitihani tunapokesha. Ila kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Mara nyingine najisahau nikiwa nimesimama. Wenzangu wanasema nakodoa macho, natafunatafuna mdomo na kushikashika nguo kwa kama dakika moja, halafu nikirudi sijui tulifika wapi. Muhula uliopita ilinitokea kwenye mazoezi ya kufundishana, na mkufunzi akaandika kwamba sikujiandaa. Nilipomfuata kumweleza alinisikiliza, lakini akaniambia kwa upole kwamba watoto wadogo wataogopa, wazazi watalalamika, na ni heri nihamie fani nyingine kabla sijapoteza ada zaidi.

Mwezi wa saba tunakwenda BTP, yaani mafunzo ya kufundisha kwa vitendo, wiki nane, shule za vijijini. Niseme shuleni au ninyamaze? Nikianguka mbele ya darasa la nne itakuwaje? Na samahani Anti, nikianguka huwa najikojolea. Pia nasikia shule nyingine zina bweni na walimu wanapewa zamu za usiku. Nikiri kwamba asubuhi nyingine naruka kidonge kwa sababu kinanipa usingizi darasani. La mwisho, wenzangu wanasema huko bila pikipiki hufiki popote. Naruhusiwa kuendesha?

Mwanachuo, Kanda ya Ziwa

Marahaba mwanangu.

Usihame fani, angalau si kwa sababu ulizopewa. Barua yako ina mambo matatu ambayo hakuna aliyeyagusa kabla ya kukuambia uondoke: dozi ambayo haijabadilika tangu ukiwa kidato cha pili, vidonge unavyoruka, na mikesha. Yote matatu yanarekebishika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya watu wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka kabisa wakitambuliwa vizuri na kupata dawa inayowafaa. Kama umo katika hao au humo, hilo halijulikani mpaka dawa yako ipewe nafasi ya kufanya kazi. Kwa hiyo tutaanzia kliniki. Chuo tutakirudia.

Mwongozo wa Shirika hilo kwa kabamazepini unamwanzisha mtu mzima kwa dozi ndogo, unaipandisha polepole, na dozi ya kudumu inakuwa kati ya miligramu 400 na 1400 kwa siku. Wewe uko 400, mwanzo kabisa wa ngazi hiyo, na bado unaanguka. Ukifika dirishani na kusema "nimekuja kuchukua dawa," utapewa dawa. Safari hii sema "bado naanguka, naomba dozi iangaliwe upya," na uombe kumwona daktari au tabibu mwenyewe. Usiipandishe kwa mkono wako. Ikipanda haraka mno utaona vitu viwili viwili, kichwa kitazunguka na utayumba ukitembea, na utadhani dawa imekukataa kumbe ni mwendo tu. Upandishaji huchukua wiki kadhaa, ndiyo maana nakuomba uende mapema ili mwezi wa saba ukukute umeshazoea.

Usingizi wa asubuhi utaje hapo hapo. Dozi inaweza kugawanywa ili sehemu kubwa imezwe usiku, au ukapewa vidonge vinavyoachilia dawa polepole kama vinapatikana. Kuruka ndilo jambo baya zaidi unaloweza kufanya, na sababu yake ni hii: ukiitumia kabamazepini kwa muda, ini hujifunza kuiondoa mwilini haraka zaidi kuliko mwanzo. Mtu anayeruka kidonge cha asubuhi anakaa tangu usiku hadi usiku na kinga inayopungua saa hadi saa. Ukisahau, meza mara unapokumbuka, isipokuwa saa ya dozi inayofuata imekaribia. Usimeze mbili kwa pamoja kufidia.

Sasa hayo "kujisahau" uliyoyaandika. Usiyapuuze, kwa maana yenyewe ndiyo yaliyokunyima alama, na inawezekana daktari wako hajawahi kuyasikia. Kuna kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo: mtu anaduwaa, anatafunatafuna, mikono inapapasa, inachukua nusu dakika hadi dakika mbili, na akirudi amechanganyikiwa kidogo. Kuna kingine, zaidi cha watoto, ambacho mtoto anaganda kwa sekunde chache tu, pengine mara nyingi kwa siku, kisha anaendelea na sentensi yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Kabamazepini hufaa sana cha kwanza. Cha pili inaweza kukizidisha. Maelezo yako yanafanana na cha kwanza, lakini atakayeamua ni daktari, na wewe huwezi kumweleza kitu ambacho hukukiona. Mwombe unayelala naye chumba kimoja akurekodi kwa simu ikitokea tena. Nusu dakika ya video inamwambia daktari mengi kuliko miaka yote ya "huwa nazimia."

Pamoja na video, nunua daftari dogo. Kila tukio liandikwe tarehe, saa, lilichukua muda gani kwa saa ya aliyeona, usiku uliotangulia ulilala saa ngapi, ulimeza au uliruka, kama ulikuwa na homa, na uko siku ya ngapi ya mzunguko wako, kwa kuwa baadhi ya wanawake huanguka zaidi kuzunguka siku za hedhi. Miezi miwili ikikamilika, daftari hilo litaanza kuonyesha mpangilio.

Hesabu ya dawa za BTP uifanye kabla ya kuondoka. Wiki nane ni siku 56, ongeza wiki mbili za akiba. Kwa vidonge viwili kwa siku ni 112 na 28, jumla 140. Dozi ikipandishwa hadi vidonge vinne, jumla inakuwa 280. Omba kliniki ikupe za muda wote huo, na barua ya kukutambulisha kwenye kituo kilicho karibu na shule uliyopangiwa. Linaloharibika mara nyingi ni hili: dawa zinaisha kijijini, kituo hakina kabamazepini, mhudumu mwenye nia njema anakupa fenobabitoni, dawa nyingine ya kifafa, badala yake. Kukatisha dawa moja ghafla na kuingia nyingine bila mpango kunaweza kuleta kuanguka mfululizo bila kuzinduka, na hiyo ni dharura ya kupoteza maisha. Vidonge viweke kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, mahali pakavu. Kabamazepini ikikaa kwenye unyevunyevu inaweza kupoteza hadi theluthi ya nguvu yake, na kwa macho huwezi kugundua.

Sasa chuo na shule. Useme, ila uchague wa kumwambia. Chuoni ni mshauri wa wanachuo na mkufunzi anayesimamia mafunzo kwa vitendo, tena kabla orodha ya shule haijapangwa, ili uombe shule yenye kituo cha afya karibu na uende na mwenzako. Shuleni ni mwalimu mkuu, mwalimu mlezi atakayekusimamia, mwalimu wa darasa la jirani, na unayelala naye nyumba moja. Wazazi wote wa kijiji hawahusiki. Kwenye fomu ya afya usiandike uongo. Ukificha kisha ukaanguka, mazungumzo yatahama kutoka kwenye afya yako kwenda kwenye udanganyifu, na hapo hata anayekupenda atashindwa kukutetea.

Usiende kwa mdomo mtupu. Daktari akuandikie ukurasa mmoja unaotaja aina ya kifafa, kinavyoonekana, huchukua muda gani, dawa unayotumia, yale unayopaswa kuepuka (kukosa usingizi, kupanda juu, kuendesha chombo cha moto), na sentensi hii isikosekane: anamudu kazi ya kufundisha. Barua inayosema tu "ni mgonjwa wa kifafa" itamfanya msomaji ajaze mengine kwa hofu yake.

Darasani kwenyewe, tuanze na yale ya kujisahau kwa sababu ndiyo yatakayokutembelea zaidi. Kipindi cha darasa la nne ni dakika 40. Ukiingia, andika hatua za somo pembeni ya ubao kwa maneno mawili matatu kila moja, na uweke alama kwa chaki kila unapomaliza hatua. Ukirudi kutoka kwenye dakika hiyo iliyopotea, ubao utakuambia mlipofika, na wanafunzi wataona mwalimu anayesoma mpango wake. Andalio la somo liwe wazi juu ya meza, pamoja na muda wa kila hatua, ili mwenzako akiingia aendelee. Katikati ya kipindi weka kazi ya vikundi. Ni ufundishaji mzuri kwa mtu yeyote, na kwako unaondoa dakika 40 za kusimama ukizungumza peke yako. Anayekuja kukukagua aambiwe kabla: "Nikinyamaza na kukodoa macho, subiri dakika mbili, nitaendelea." Hapo hataandika tena kwamba hukujiandaa.

Chumba kikague siku ya kwanza. Meza ya mwalimu isogezwe ukutani, usifundishe ukiwa umesimama kati ya kona yake na sakafu ya saruji. Usisimame juu ya kiti kubandika chati, mpe mwanafunzi mrefu. Kwenye somo la Sayansi lenye moto au maji yanayochemka, onyesho liwe mezani kabisa, na mwalimu mwingine awe chumbani. Kuwapeleka watoto mtoni au ziwani, usiende ukiwa mtu mzima peke yako.

Ukianguka, kinachohitajika ni watu wawili wanaojua la kufanya, na hao wanaweza kuwa na miaka kumi. Chagua viranja wawili: mmoja anakimbia kumwita mwalimu wa jirani, mwingine anawatoa wenzake nje kwa mstari. Wafundishe kwa kuwaambia kwamba mtu yeyote anaweza kuugua ghafla darasani, na huo ni ukweli. Huduma ya kwanza iombee nafasi kama somo la afya kwa shule nzima, kwa ridhaa ya mwalimu mkuu. Kadi ifuatayo iandike kwa mkono, uigandishe ndani ya jalada la daftari la mahudhurio:

"Mwalimu akianguka na kutetemeka: tazama saa. Sogeza madawati. Weka kitu laini chini ya kichwa. Usimshike kwa nguvu. Usiweke kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni. Akitulia, mlaze ubavu. Kaa naye hadi azungumze vizuri. Ikizidi dakika 5, au ikianza tena kabla hajazinduka, au akiumia, mpeleke hospitali."

Kijiko nakisisitiza kwa sababu kinavunja meno, na meno yaliyovunjika yanaweza kuziba njia ya hewa. Mtu hawezi kumeza ulimi wake. Na mwalimu wa jirani umwambie wazi, maana huenda asithubutu kukuuliza: kifafa hakiambukizi kwa mate, wala povu, wala mkojo, wala hewa inayomtoka mtu. Wapo waliokaa mbali na mtu anayejigonga kichwa kwa sababu ya woga huo tu.

Hilo la kujikojolea usione haya kuliandika, ni sehemu ya tukio na linawapata wengi. Weka ofisini mfuko wenye khanga mbili, nguo ya ndani, sketi na sabuni. Khanga moja ni ya kukufunika mara tu unapotulia, kabla hujazinduka, na mwalimu wa jirani ajue hivyo. Ya pili utajifunga ukiinuka. Nenda msalani kabla ya kila kipindi pacha. Vaa rangi iliyokoza siku za kufundisha. Watoto wakiwa wameshatolewa nje, watakachokumbuka ni kwamba mwalimu aliugua.

Siku hiyo usirudi darasani kumalizia kipindi. Ubongo uliotoka kwenye tukio hilo unahitaji usingizi, na utakachofundisha kitakuwa vipande. Kesho yake ingia, wasalimie, sema kwa dakika moja: "Jana niliugua. Ni ugonjwa wa ubongo, hauambukizi, natumia dawa. Mlinisaidia vizuri." Kisha endelea na somo. Watoto wanaogopa wasichoelezwa. Wakielezwa, watakuuliza maswali mawili matatu kisha watadai daftari zao zisahihishwe.

Usingizi sasa. Lala saa nne usiku, amka saa kumi na moja alfajiri, hizo ni saa saba na usishuke chini yake. Maandalio ya wiki nzima yaandike Jumamosi mchana, maana mwanachuo anayeandika andalio saa sita usiku kwa ajili ya kipindi cha saa mbili asubuhi ndiye anayeanguka Jumatano. Kahawa na vinywaji vya kuchangamsha havilipi deni la usingizi. Zamu usizikatae, zibadilishe. Mwambie mwalimu mkuu kwamba utachukua zamu za mchana na za mwisho wa wiki zaidi ya sehemu yako, na usimamizi wa masomo ya usiku bwenini achukue mwingine. Mtu anayeomba kubadilishana husikilizwa haraka kuliko anayeomba kusamehewa.

Kijijini kuna malaria, na homa ni njia fupi ya kuanguka. Lala kwenye chandarua, na ukisikia homa pima siku hiyo hiyo. Ukipewa dawa ya mseto, mwambie mhudumu kwamba unatumia kabamazepini, kwa sababu inapunguza kiwango cha dawa ya mseto kwenye damu. Homa ikiendelea siku ya tatu, rudi. Kwenye maduka ya dawa jihadhari na tramadoli ya maumivu na siprofloksasini ya kuua bakteria, zote zinaweza kuchochea kuanguka. Meflokwini ya malaria haikufai kabisa.

Hukuniuliza kuhusu uzazi, lakini una miaka 22 na pengine hujaambiwa. Kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya vijiti vinavyowekwa mkononi. Kitanzi cha shaba na sindano ya miezi mitatu haziathiriki hivyo. Daktari akipendekeza kukuhamishia kwenye valproeti, dawa nyingine ya kifafa, muulize kama kuna nyingine, kwa sababu valproeti ina hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni. Na ukifikiria kupata mtoto, anza vidonge vya foliki asidi (vitamini) vya miligramu 5 kwa siku kabla ya mimba, ukiwa chini ya kliniki, bila kuacha dawa ya kifafa.

Mkufunzi wako, naamini, alisema alichosema kwa kukuhurumia. Hata hivyo sheria iko upande wako. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inaeleza ulemavu kama kupoteza au kupunguziwa fursa ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii, na kifafa kinachomfanya mtu afukuzwe darasani kinaingia humo bila kusukumwa. Sheria hiyo inakataza ubaguzi katika elimu na ajira, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya wenye ulemavu. Rudi kwake na barua ya daktari, kadi ya huduma ya kwanza na mpango wa darasa. Uliza jambo moja tu: kipi katika mpango huu kinahitaji kurekebishwa kabla ya BTP? Akijibu kwamba bado uache, muombe aandike. Kisha peleka maandishi hayo kwa mshauri wa wanachuo, halafu kwa mkuu wa chuo.

Pikipiki, hapana. Dakika moja ya kuduwaa kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni zaidi ya mita 600 bila dereva, na njiani kuna watoto wanaokwenda shule hiyo hiyo. Ukija kukaa muda mrefu bila tukio lolote, suala hilo liulize upya kliniki. Kwa BTP panga chumba unapoweza kutembea hadi shuleni, na hilo liandike kwenye ombi lako la shule pamoja na la kituo cha afya. Ukipanda bodaboda kama abiria, vaa kofia ngumu, na mwendeshaji awe mmoja yule yule aliyeambiwa asimamishe akiona umelegea mgongoni kwake.